Nilivyomfundisha Mbwa wa Mabatini Kunusa Dagaa

Wajukuu zangu, mimi niliajiriwa kupika, sikuajiriwa kufundisha. Naanza na hilo kwa sababu wapo kati yenu wanaonifuata hapa Misungwi na mbwa kwenye kamba, wananiamkia "shikamoo mwalimu", nami naitikia marahaba huku nacheka moyoni. Miaka ishirini na kitu nilikuwa kwenye mabanda ya mbwa ya kampuni moja ya ulinzi kule Mwanza, na miaka ya mwanzo yote kazi yangu ilikuwa sufuria. Mbwa kumi na wanane, ugali wa dona na mapanki. Kwa msiojua, mapanki ni mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, baada ya minofu kuchukuliwa viwandani. Unayachemsha mpaka mfupa unapondeka kwa vidole, unachuja, halafu unasonga ugali kwa mchuzi ule. Nilinuka samaki kiasi kwamba hata kanisani nilikuwa napata benchi peke yangu.

Siku moja nilijikwaa kwenye ngazi ya jiko, sufuria nzima ikamwagika kwenye nyasi. Ugali ukatawanyika vipande vipande, na mbwa sita walikuwa nje. Nikajua kazi imeisha. Mkuu wetu alikuwa Mzee Ngassa, askari mstaafu, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Nikasimama nangoja matusi, lakini hayakuja. Alikuwa ameweka mikono nyuma, anawaangalia mbwa.

Walikuwa wameinamisha pua, kimya kabisa, wanatafuta punje baada ya punje. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Chuma, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka ndani ya banda kutwa nzima mpaka sakafu ya udongo ilifanya njia. Siku ile Chuma alitafuta ugali karibu nusu saa, akanywa maji, akalala chali na mguu mmoja juu. Hatukuwa tumewahi kumwona amelala mchana.

"Kabula," Mzee Ngassa akaniita, "kesho mwaga tena."

Basi kazi yangu ya pili ilianzia hapo, kwenye ugali uliomwagika. Nikawa namwaga kwa makusudi, kisha nikaanza kuficha, kisha Mzee Ngassa akanitoa jikoni kabisa. Aliyechukua mwiko wangu alilalamika mpaka na yeye akastaafu.

Sisi huku tumezoea kwamba mbwa hufungiwa mchana ili awe mkali usiku. Nami nililelewa hivyo. Mnamweka kwenye kibanda cha mabati, jua linawaka, mawe ya milima yetu yanarudisha joto, hana cha kuona wala cha kufanya, halafu mnashangaa ametafuna mlango. Pua ya mbwa ni mfanyakazi. Ukimnyima kazi ataitafuta mwenyewe, na hutapenda atakayoipata. Mtaambiwa kwamba mbwa akichezeshwa atakuwa mpole mpaka amkaribishe mwizi ndani. Nimeshinda na mbwa wa ulinzi sehemu kubwa ya maisha yangu, sijaona hata mmoja aliyeharibiwa na mchezo. Walioharibiwa na upweke nimewaona wengi, na wengine niliwazika.

Mchezo wenyewe hauna gharama. Chukua trei la mayai, tia chakula kidogo kwenye vishimo viwili vitatu, finyanga karatasi ujazie vishimo vyote, umwachie. Au jaza boksi matambara na ufiche chakula ndani. Au funika kipande chini ya kikombe kimoja kati ya vitatu. Anza na jambo rahisi mno, hata uone haya kwa urahisi wake. Mwache ashinde, ashinde tena, ndipo uongeze ugumu. Acha wakati bado anataka, usingoje achoke. Dakika kumi za kutafuta kwa pua zinamchosha kuliko kuzunguka naye mtaa mzima, na ni uchovu mzuri, ule wa mtu aliyetoka shambani na kazi imeonekana.

Na upepo, jamani, usisahau upepo. Mchana kwetu unatoka ziwani, asubuhi na mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mwanzoni mweke mbwa mahali ambapo harufu itamjia usoni. Saa sita mchana msicheze kabisa, maana jua likishapiga mawe harufu inapaa juu, mbwa anabaki anahema na wewe unamwita mjinga.

Mjinga niliwahi kuwa mimi. Kulikuwa na jike mmoja, Malaika, ambaye nilimsifia mwezi mzima. Nikificha kitu popote anakikuta mara moja, hata kunusa hanusi. Nikamwita Mzee Ngassa aje kuona maajabu. Akaangalia mara mbili, akaniambia, "Geuka uangalie ukuta." Nikageuka. Malaika alizunguka uwanja mzima asipate kitu, mwisho akaja kusimama mbele yangu ananichungulia usoni. Kumbe mwezi mzima alikuwa ananisoma macho! Nilikuwa nimemfundisha mbwa kuniangalia mimi, nikasahau pua. Mzee Ngassa hakucheka, lakini alikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji kwa muda mrefu kuliko haja.

Kosa hilo nalisimulia kwa raha. Lipo jingine ninalolionea aibu mpaka leo, nalo lilitaka kumuua mbwa wa watu. Hilo ndilo nataka mlibebe.

Nilikuwa nimestaafu kama mwaka hivi. Fundi wangu wa nguo alikuwa Nyanjige, mwanamke wa Ukerewe anayeishi Mabatini, pale Mwanza mjini, mjane, watoto wameshaolewa wote. Alikuwa na mbwa dume wa rangi ya mchanga, jina lake Watasema. Mnajua tunavyowapa mbwa majina, ukitaka kumwambia jirani jambo unamwambia kupitia mbwa. Nyanjige alipojenga chumba cha pili peke yake kulikuwa na maneno mtaani, akaleta mbwa, akawa kila jioni anaita kwa sauti, "Watasemaaa, njoo ule!" Jirani yake wa mbele, Mama Shija, muuza dagaa, aliamini jina lile ni lake yeye. Sijui kama alikosea.

Nyanjige alinipigia simu analia. Watasema alikuwa ameanza kujitafuna mguu wa nyuma. Alitafuna mpaka manyoya yakaisha, mpaka nyama ikaonekana. Daktari wa mifugo alimpima, akasema ugonjwa hana, mchoshe akili. Nyanjige hakuelewa mbwa anachoshwaje akili. Nikapanda gari asubuhi yake.

Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati kama vile nilivyowaambia. Aliponiona hakubweka. Aliendelea na mguu wake. Iliniuma sana, kwa sababu mbwa asiyembwekea mgeni ameshakata tamaa.

Tukaanza siku hiyo hiyo. Fundi hakosi gunia la vipande vya vitambaa, nikafurahi, tukalimwaga kwenye boksi na kuficha humo chakula ambacho mbwa yeyote wa Mwanza angekitafuta, yaani dagaa. Kule kazini nilitumia dagaa miaka yote. Ana harufu kali, hukauka vizuri, hakai mzito tumboni. Siku ya pili Watasema aliingiza kichwa chote kwenye boksi. Siku ya nne alikuwa anamngoja Nyanjige mlangoni. Wiki ilipoisha mguu ulianza kufunga, na mbwa akabweka nilipoingia, nikamwambia asante kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu." Nilirudi Misungwi kifua mbele.

Mmeshaona nilipokosea? Kule kazini mbwa hawakutoka nje ya geti bila kamba, na nje palikuwa na ukuta na barabara tu. Mabatini kila baada ya milango mitatu pana beseni la dagaa. Mimi, mwanamke wa Mwanza, niliyezaliwa nanusa dagaa kabla ya maziwa, nilikuwa nimemfundisha mbwa kwamba kazi yake duniani ni kumtafuta dagaa alipofichwa.

Siku geti liliposahauliwa wazi, Watasema alikwenda kazini. Alianza kwa Mama Shija. Beseni likapinduka, dagaa wote wakamwagika kwenye maji machafu ya mtaro, na Mama Shija alipotoka na ufagio alimkuta mbwa amekaa wima katikati ya hasara, anamwangalia usoni, anangoja asifiwe. Ndivyo nilivyomfundisha.

Mwenyekiti wa mtaa aliwaita wote wawili. Nami nilikwenda, nikasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Mama Shija hakutaka kusikia.

"Mama, nakuheshimu," akaniambia, "lakini huyu mbwa kwanza alinitukana kwa jina, sasa anakula jasho langu. Kesho atakula mtoto. Mimi namtaka aondoke."

Mwenyekiti akasema mbwa aondolewe ifikapo Jumamosi. Kuondolewa kwa mbwa mzima mwenye kidonda na sifa mbaya, mnajua maana yake. Hakuna atakayemchukua. Nyanjige alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Nikaomba, nikabembeleza, umri wangu wote nikauweka mezani. Mwisho mwenyekiti, mtu wa haki, akakubali hivi: Jumamosi asubuhi nimlete mbwa pale pale mtaani, atafute kitu kingine mbele ya dagaa wa Mama Shija. Akimfuata au kumgusa hata mmoja, mjadala umefungwa. Ilikuwa Jumatatu.

Nililala kwa Nyanjige wiki ile. Kazi ilikuwa kumpa pua yake harufu nyingine ya kutafuta, ambayo mtaa mzima hauna. Mimi nikasema iliki. Nyanjige, kwa mara ya kwanza siku hizo, akacheka. "Mama, na maandazi ya pale kona je?" Nusura nirudie kosa lile lile kwa jina jingine. Tukakaa tunawaza, na macho yangu yakaangukia cherehani. Mafuta ya cherehani! Nani mwingine mtaani anayo? Tena mikono ya Nyanjige inanuka hayo kila siku, kwa hiyo kwa Watasema ilikuwa harufu ya mtu wake. Tukatia tone moja kwenye kitambaa, kitambaa tukakifungia kwenye kikopo cha vidonge nilichokitoboa matundu, asije akakimeza.

Somo la kwanza, nikaficha kikopo nyuma ya mlango. Watasema akanusa hewa, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani, akakaa. Alikuwa sahihi kuliko mimi. Tukaifungia cherehani chumbani, tukaanza upya.

Sikilizeni hapa, maana hili ndilo somo lenyewe. Dagaa hatukumwacha, tulimbadilishia cheo. Zamani alikuwa kazi, sasa akawa mshahara. Mbwa akigusa kikopo kwa pua na kukaa, dagaa mmoja anatoka kiganjani mwangu. Akimfuata dagaa mwenyewe, kiganja kinafungwa. Sikupiga, sikukemea, nilifunga kiganja tu na kungoja. Jumatano nikaweka sahani ya dagaa iliyofunikwa karibu na njia yake, akaipita. Alhamisi nikaifunua. Akala wote. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, niwaambie ukweli, mzee mzima nimekalia ndoo. Ijumaa nikarudia mara tano. Mara tatu alipita, mara mbili alikula. Huyo ndiye mbwa niliyemtoa nje Jumamosi.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyopenda. Nyanjige nilimweka mbali, mwisho wa ukuta, ili harufu ya mikono yake isimchanganye mbwa. Nikatoa kikopo nikamwomba mwenyekiti akifiche.

"Nifiche mimi," Mama Shija akasema. "Ninyi mtapeana ishara."

Ilikuwa haki yake. Tukageuka wote, mwenyekiti pia, na mbwa nikamgeuza, tukaangalia ukuta. Tukasikia ndala zake zinakwenda huku na huku, kisha akasema tayari. Sikujua kikopo kiko wapi, hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Nikamlegezea Watasema kamba. Upepo ulikuwa mdogo. Alipita chini ya kamba ya nguo, akanusa viatu vya mwenyekiti, akanusa tairi la bodaboda iliyoegeshwa, akarudi, akainua pua. Kisha akaelekea kwa Mama Shija. Beseni la dagaa lilikuwa limejaa, limewekwa juu ya kreti tupu la soda kama siku zote. Pua yake ikapita juu ya dagaa, karibu sana, niliona masharubu yake yanatikisika. Akashusha kichwa kwenye kreti, akavuta hewa mara mbili, akakaa. Akanigeukia na kuniangalia.

"Si mnaona?" mtu akapaza sauti. "Dagaa tena! Kaenda kwenye dagaa!"

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mwenyekiti akatikisa kichwa taratibu, akaniambia kwa upole, "Mama, umejitahidi." Mbwa hakugusa hata dagaa mmoja, lakini ningesemaje kwamba hakumfuata dagaa? Miaka yote kazini nilikuwa nawaambia wenzangu wamwamini mbwa, na siku ile mimi mwenyewe sikumwamini. Nilidhani amekosea. Nilianza kumvuta kamba, naye akagoma. Alikaa tu, amekazana, macho kwangu. Mwisho wa ukuta Nyanjige alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Nikamwangalia Mama Shija, sijui kwa nini. Hakuwa anafurahi. Alikuwa ameshika kiuno, anamtazama yule mbwa. Angeweza kunyamaza. Nataka mlifikirie hilo vizuri. Angenyamaza, sote tungetawanyika, jioni angekiokota kikopo chake na kukitupa mtaroni, na hakuna binadamu ambaye angejua.

"Mwenyekiti, ngoja," akasema.

Akalishika beseni kwa mikono miwili, akalitua chini pembeni. Akaingiza mkono kwenye kreti, akatoa kikopo cha vidonge, akakiinua juu watu wakione.

"Nilikiweka hapa," akasema. "Nilikiweka hapa makusudi, ili ashindwe."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikohoa, akasema basi, mbwa abaki, na geti lifungwe. Nyanjige alikuja mbio hata ndala moja ikabaki nyuma, akafika, akasimama mbele ya jirani yake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Watasema hakuwa na habari na yote hayo. Alikuwa bado amekaa.

"Na huyu anangoja nini?" Mama Shija akaniuliza.

"Anangoja kulipwa. Aliyeficha ndiye anayelipa."

"Mimi naogopa mbwa, mama."

"Fungua kiganja, usimrushie. Atachukua taratibu."

Akachutama kando ya beseni lake. Sote tulidhani atachota tu, lakini alikuwa anachambua kwa ncha za vidole, anawaacha waliovunjika, mpaka alipopata watatu wazima, wenye vichwa vyao, kama anavyomchagulia mteja anayemtaka arudi. Kisha akafumba macho, akanyoosha mkono.